Kadhi Aliyewaona Mashahidi na Jaji Asiyewaona

 

Mama mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na bahasha ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na hukumu mbili: ya kadhi wa mji mmoja wa pwani, na ya Mahakama Kuu iliyosikiliza rufaa yake. Alikuwa amedai matumizi ya watoto ya miezi 18 pamoja na mahari yake iliyobakia. Mume alijibu kwamba fedha alizipeleka kila mwezi, mkononi, kwa njia ya ndugu yake. Ndugu akaja, akashuhudia hivyo hivyo. Kadhi alimwamini ndugu, na sababu aliyoiandika ni moja tu: kwamba shahidi alisema kwa uthabiti na alimkabili kwa macho, ilhali mdai alizungumza kwa sauti ya chini, akiinamisha uso, na mara mbili alinyamaza alipoulizwa. Jaji wa rufaa naye akaandika maneno ambayo kila anayesoma hukumu za nchi zetu anayajua: kwamba yeye hakuwaona mashahidi wala hakuwasikia, aliyewaona ni kadhi, na kwa hiyo haoni sababu ya kuingilia. Rufaa ikatupwa.

Hatuandiki haya ili kumhukumu kadhi yule wala jaji yule. Kila mmoja wao alifanya jambo linalofanywa kila wiki. Tunaandika kwa sababu katika kumbukumbu zile zile za kesi, ukurasa wa 14, ndugu yule alipoulizwa na mama mwenyewe (kwani hakuwa na wakili) alisema kwamba tangu Shaaban mpaka Muharram alikuwa Jeddah kikazi. Katika miezi hiyo sita nani alikuwa akizibeba fedha? Swali hilo halihitaji kumwona mtu uso. Linahitaji kusoma.

Kanuni ambayo jaji aliitegemea ilitufikia kutoka Uingereza. Katika kesi ya Watt v Thomas ya mwaka 1947, iliyohusu talaka kwa madai ya ukatili, Baraza la Malodi lilirejesha uamuzi wa jaji wa mwanzo wa Scotland ambao ulikuwa umepinduliwa katika rufaa. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyeketi akawasikiliza mashahidi ana kitu ambacho karatasi haikibebi, na asiyekuwa nacho asiharakishe kumsahihisha mwenye nacho. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliichukua kanuni hiyo katika kesi ya Peters v Sunday Post, na tangu hapo imekuwa ikinakiliwa kutoka hukumu moja hadi nyingine, Kenya, Tanzania na Uganda.

Lakini mahakama zetu hazikuishia hapo, na hili ndilo watu wanalolisahau. Katika Selle ya mwaka 1968 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba rufaa ya kwanza ni kama kuisikiliza kesi upya: jaji wa rufaa ni lazima aupime ushahidi mwenyewe na kufikia natija yake, huku akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi. Katika Okeno ya mwaka 1972 ikasemwa kwamba mwenye kukata rufaa ya kwanza ana haki ushahidi wote uchunguzwe upya na kwa ukamilifu. Tanzania nayo, katika Omari Ahmed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba aliloliona hakimu wa kwanza kuhusu kuaminika kwa shahidi kwa kawaida linaifunga mahakama ya juu, isipokuwa kama ndani ya kumbukumbu mna mambo yanayodai litazamwe tena. Na katika rufaa ya Shabani Daudi, ya jinai namba 28 ya mwaka 2000, ikapambanua vizuri zaidi: hakimu wa kwanza amepewa peke yake lile linalohusu mwonekano na namna ya shahidi kizimbani, basi. Ama kuaminika kwa shahidi kuna njia mbili nyingine ambazo mahakama ya juu inaziweza sawasawa na ya chini, nazo ni kuangalia kama maneno ya shahidi yanashikamana yenyewe kwa yenyewe, na kuyalinganisha na ushahidi wa wengine.

Kwa hiyo kanuni ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni fupi, ni nyepesi kunakili, na inamaliza kesi kabla ya adhuhuri. Nusu ya pili inataka mtu akae na karatasi mpaka usiku. Msomaji atakisia mwenyewe ni ipi inayoonekana zaidi katika hukumu.

Hapa lugha inatufundisha kitu. Sisi Waswahili tunasema rufaa, na Watanzania rufani, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kunyanyua: shauri linanyanyuliwa kupelekwa juu. Waarabu wa leo katika mahakama zao hawatumii neno hilo. Wao husema isti'naf, maana yake kuanza upya, na asili yake ni anf, yaani pua, sehemu ya mbele ya kitu. Selle na Okeno zinazungumzia isti'naf. Jaji wa mama yule alifanya kunyanyua tu: akaipokea hukumu kutoka chini, akaitazama jalada, akairudisha.

Sasa tuje kwenye fiqhi, kwani wapo wenzetu wanaosema kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu, na kwamba katika Sharia neno la kadhi likishatoka limetoka. Hutoa dalili ya kanuni mashuhuri kwamba ijtihadi haitenguliwi kwa ijtihadi iliyo mfano wake. Kanuni ni sahihi, lakini haikuwekwa hapo. Inahusu mas'ala ambayo hayana nassi, kadhi mmoja akaona hivi na mwengine vile. Ama msingi wa hukumu ukiwa ni mashahidi, na baadaye ikabainika kwamba mashahidi wale hawakufaa, Imam al-Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, anasema hukumu inatenguliwa, na kadhi mwenyewe na kadhi mwengine wote wana haki ya kuitengua. Wakibainika kuwa ni mafasiki hukumu ni hiyo hiyo katika kauli iliyo dhahiri zaidi.

Katika Minhaj hiyo hiyo kuna mas'ala yaliyo karibu zaidi na shauri letu, nayo ni ya kadhi kumwandikia kadhi. Kadhi wa mji mmoja amesikiliza mashahidi dhidi ya mtu aliye mji mwengine, anaupeleka ushahidi kwa barua. Yule anayepokea barua hakuwaona mashahidi, kama vile jaji wa rufaa. Je, awaamini? Al-Nawawi anapambanua. Ikiwa kadhi wa kwanza hakuuthibitisha uadilifu wa mashahidi, ni lazima awataje majina, ili wa pili aweze kuwauliza watu habari zao. Ikiwa ameshauthibitisha, basi kauli sahihi zaidi ni kwamba inajuzu kutowataja, na wa pili anajengea juu ya uchunguzi wa wa kwanza.

Tuitazame vizuri hukumu hiyo. Kadhi wa pili anamfuata wa kwanza kwa sababu wa kwanza amechunguza. Kwamba aliwaona mashahidi kwa macho haitoshi, kwani katika hali zote mbili aliwaona. Kinachobadilisha hukumu ni tazkiya: je, aliuliza habari za watu hawa kwa majirani, kwa wanaofanya nao biashara, kwa siri na kwa dhahiri, au hakuuliza?

Na hili lina asili ya zamani kuliko al-Nawawi. Inapokewa na al-Bayhaqi na wengineo kwamba mtu mmoja alishuhudia mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), Umar akasema hamjui, alete anayemjua. Akasimama mtu akasema yeye anamjua. Umar akamwuliza kama ni jirani yake wa karibu anayejua usiku wake na mchana wake, akasema hapana. Amefanya naye muamala wa dirhamu na dinari? Hapana. Amesafiri naye? Hapana. Umar akamwambia basi humjui. Katika baadhi ya mapokezi anaongeza kwamba huenda alimwona msikitini tu, akiinua kichwa na kukiinamisha. Ikiwa kumwona mtu katika sala hakumfanyi umjue, kumwona kizimbani kwa nusu saa, akiwa na hofu na mbele ya watu asiowajua, kunakupa ujuzi gani?

Utasema: mbona maulamaa wa Kishafii wamesharutisha kadhi awe mwenye kuona? Ni kweli, sharti hilo limo. Lakini angalia sababu waliyoitoa. Wamesema kipofu hawezi kumpambanua mdai na mdaiwa. Hawakusema kwamba kadhi anahitaji macho ili asome uongo katika uso wa shahidi. Kama hilo lingekuwa nguzo ya hukumu, hapo ndipo mahali pake pa kutajwa, na hawakulitaja.

Wapo waliolitaja pengine, na si insafu kuwaficha. Iyas bin Mu'awiya, kadhi wa Basra, alisifika kwa firasa, na visa vyake vimejaa vitabuni. Ibn al-Qayyim katika al-Turuq al-Hukmiyya ametetea kwa nguvu kwamba kadhi asiyezingatia alama na dalili za hali atapoteza haki za watu. Nasi tunakubaliana naye katika sehemu kubwa ya kitabu kile, kwa sababu nyingi ya dalili zake ni vitu vinavyoweza kuwekwa mezani watu wakavitazama: kanzu iliyochanika nyuma, mali iliyokutwa mkononi, hesabu isiyolingana. Lakini firasa tupu, kwamba nimemtazama nikajua, ni jambo jengine. Ibn al-Arabi al-Maliki anasimulia kwamba kadhi mkuu wa Baghdad katika zama zake, al-Shami, alikuwa akihukumu kwa firasa kwa kufuata njia ya Iyas, na kwamba mwalimu wake Abu Bakr al-Shashi, Mshafii, aliandika juzuu nzima kumrudi. Ibn al-Arabi aliunga mkono kurudiwa huko, kwa hoja kwamba njia za hukumu zinajulikana kisharia na firasa haimo. Sababu yake tunaiona wazi leo: firasa haikatiwi rufaa. Anayesema ameona kitu ambacho mwengine hawezi kukiona amejifungia ndani na ufunguo anao yeye.

Kadhi Shurayh aliliona hilo mapema. Mwanamke alimjia akishtaki huku akilia, na al-Sha'bi aliyekuwa ameketi naye akasema hamwoni ila amedhulumiwa. Shurayh akamjibu kwamba ndugu zake Yusuf nao walimjia baba yao usiku wakilia. Na ukiirudia Sura hiyo utaona kwamba machozi yalikuwa ya uongo na damu ilikuwa ya uongo, na wafasiri wanasema kilichowafichua ni kanzu yenyewe, kwa kuwa mbwamwitu hamli mtu akaiacha nguo yake nzima. Nabii Ya'qub (A.S.) hakuwepo kisimani. Hata hivyo aliujua uongo, kwa sababu kielelezo kilipingana na maelezo. Hiyo ndiyo kazi ya mahakama ya rufaa.

Wataalamu wa kisasa nao wamefika huko huko kwa njia yao. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Bond na DePaulo, walichapisha majumuisho ya tafiti nyingi zilizofanywa kuhusu watu wanavyojaribu kutambua uongo kwa kumsikiliza na kumtazama msemaji. Wastani wa kupatia ulikuwa 54 kwa mia. Anayerusha sarafu anapata 50.

Hatusemi kwamba jaji wa rufaa ageuze hukumu kwa kusoma tu kila anapohisi vyengine. Hapo tungeikimbia dhulma moja tukaingia katika nyengine, na mwenye pesa za kukata rufaa ndiye angeshinda daima. Tunacho kigezo katika hadithi ya Sulayman (A.S.) iliyopokewa na al-Bukhari na Muslim. Wanawake wawili waligombania mtoto baada ya mbwamwitu kumchukua mmoja wa watoto wao. Daud (A.S.) alimhukumia mkubwa. Wakapita kwa Sulayman wakamweleza. Hakusema kwamba baba yake ndiye aliyewaona kwanza. Wala hakuitengua hukumu kwa kukisia. Aliomba kisu amgawanye mtoto. Mdogo akasema asifanye hivyo, mtoto ni wa mwenzake, na Sulayman akamhukumia huyo mdogo. Imam al-Nasa'i aliiweka hadithi hii chini ya mlango wa hakimu kutengua alichohukumu mwengine aliye mfano wake au mtukufu kuliko yeye.

Yuko atakayesema kwamba Sulayman naye alitegemea hisia za mwanamke. Tunajibu: alitegemea neno alilolitamka, na jaribio lililoonekana na wote. Hata anayeisoma hadithi hii leo bila ya kuziona nyuso za wanawake wale anafahamu nani aliyekuwa mama. Na ikiwa jaji wa rufaa anahisi karatasi hazitoshi, sheria inamruhusu kuirudisha kesi isikilizwe upya, na katika hali maalumu kupokea ushahidi zaidi. Njia hiyo haipitwi mara nyingi, na tunafahamu kwa nini: majalada ni mengi.

Tukitoka kwa majaji tuingie nyumbani kwetu, kwani lawama kubwa iko hapa. Kadhi wa zamani alikuwa na mtu wa kuuliza habari za mashahidi. Al-Kindi katika habari za makadhi wa Misri anamtaja Ghawth bin Sulayman kuwa wa kwanza pale kuwauliza watu kwa siri kuhusu mashahidi. Abu Hanifa aliona uadilifu wa dhahiri unatosha madamu mpinzani hakumtia shahidi dosari, isipokuwa katika hududi na kisasi; wanafunzi wake wawili wakaona ni lazima kuuliza, na Wahanafi wenyewe wakaeleza kwamba khitilafu hii ni ya zama, watu walikuwa wamebadilika. Je, zama zetu ni bora kuliko za Abu Yusuf? Leo kadhi hana wa kumtuma, hana fungu la fedha la kazi hiyo, na wakati mwingine ametoka mji mwengine hajui hata mitaa. Hatumlaumu kwa hilo. Tunamlaumu anapoandika "nimemwamini" kana kwamba tazkiya imefanyika, na mahakama ya juu ikampa heshima iliyokuwa ya yule aliyeuliza.

Kwa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mahakama za Kadhi kinasema ushahidi utafuata Sharia ya Kiislamu, kisha kinaweka masharti, na mojawapo ni kwamba kila suala la ukweli liamuliwe kwa kupima kuaminika kwa ushahidi wote na si kwa idadi ya mashahidi. Baadhi ya masheikh wamekilalamikia sana kifungu hiki. Tunakiri kwamba kinagusa nisabu ya mashahidi, na hapo pana mjadala wa haki. Lakini pale nisabu inapotimia pande zote mbili, hata madhehebu yetu hayampi ushindi mwenye mashahidi wengi zaidi. Hilo nalo limo katika Minhaj. Matokeo ya kifungu ni kwamba mzigo wote wa kesi umewekwa juu ya neno "kuaminika". Kadhi akiliacha neno hilo bila sababu, amewaacha watu bila ya kitu.

Na lipo jambo la haya. Fiqhi yetu ilijua tangu mwanzo kwamba kimya cha mwanamke kina maana yake: idhini ya bikira katika ndoa ni kunyamaza kwake, kwa hadithi sahihi. Wanawake wa pwani wamelelewa wasiwakodolee macho wanaume wasio maharimu, na kadhi mwenyewe huwafunza hivyo katika darsa ya Ramadhani. Kisha huyo huyo anaketi barazani na kuandika kwamba mdai aliinamisha uso, kwa hiyo anaficha kitu! Mahakama ya Juu ya Kanada ilipofikishiwa mwaka 2012 shauri la mwanamke aliyetaka kutoa ushahidi akiwa na nikabu, wengi wa majaji walishikilia kwamba kuuona uso kuna faida katika kupima ukweli, na Jaji Abella akawakhalifu. Wao wana udhuru wa kutotujua. Kadhi wa pwani ana udhuru gani?

Ongeza kwamba mama husema Kiswahili cha kwao na mara nyingi kinachobakia katika kumbukumbu ni Kiingereza cha muhtasari. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kwengine bado shahidi anasema sentensi kumi, zinaandikwa tatu, na jaji anasoma tatu hizo.

Mama yule tulimweleza kwamba rufaa ya pili nchini Kenya haiangalii tena ukweli wa mambo, inaangalia sheria tu. Akauliza kama basi yamekwisha. Tukamwita wakili kijana, mtoto wa mwanafunzi wetu, ambaye alisema kwamba jaji wa rufaa ya kwanza kutoupima ushahidi upya ni kosa la kisheria lenyewe, na kwamba kwa hoja hiyo anaweza kuomba ruhusa ya kuleta rufaa nje ya muda. Akaikunjua bahasha juu ya mkeka. Tulimwambia aanzie ukurasa wa 14.

Wallahu a'alam.